JACK BARRY NA MASWALI YALIYOKUWA NA MAJIBU MFUKONI
Maisha ya mwendesha chemsha bongo aliyepanda, akaanguka, kisha akarudi

Mchezo wa vitendawili una sheria moja ambayo hata mtoto mdogo anaijua bila ya kufundishwa. Mwenye kutega hatoi jibu mpaka wenzake wameshindwa na kumpa mji. Akithubutu kumnong'oneza mmoja wao pembeni, basi mchezo umekwisha, kwa sababu utamu wake wote umo katika kutojua. Sheria hiyo ndiyo iliyovunjwa nchini Marekani katika miaka ya 1950 mbele ya macho ya mamilioni ya watu. Mtu aliyesimama katikati ya jukwaa wakati ikivunjwa alikuwa Bwana Jack Barry, mwendeshaji wa mashindano ya chemsha bongo katika televisheni.

Habari za maisha yake zinafaa kusomwa na kila mwenye kuvaa sare, na kila mzazi mwenye watoto shuleni. Ndani yake mna fedha, mna sifa, mna kiapo, na mna swali ambalo hakuna mtu mzima awezaye kulikwepa: je, mtu afanye nini anapoambiwa na wakubwa wake kwamba uwongo huu ni mdogo tu, tena ni wa manufaa?

KIJANA WA REDIO

Jack Barry alizaliwa tarehe 20 Machi, 1918, katika mji wa Lindenhurst, jimbo la New York. Jina lake la ukoo lilikuwa Barasch. Barry ni jina alilolitumia katika kazi yake. Alisoma elimu ya biashara katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lakini kazi iliyomvuta ilikuwa ile ya utangazaji. Katika kituo cha redio cha WOR mjini New York alikutana na Dan Enright, mtu ambaye maisha yao yangefungamana kwa heri na kwa shari.

Wawili hao walikuwa tofauti kama chungu na kifuniko, na kwa sababu hiyo walifaana. Barry alikuwa na sauti laini, uso wa kupendeza, na adabu ya mtu anayewakaribisha wageni sebuleni kwake. Enright alikuwa mtu wa nyuma ya pazia, mbunifu wa vipindi na mpangaji wa mambo. Wakashirikiana, na kampuni yao ikaitwa kwa majina yao mawili, la Barry likitangulia.

Kipindi chao kilichovuma mapema kiliitwa Juvenile Jury. Kilianza katika redio mwaka 1946, na mwaka uliofuata kikaingia katika televisheni. Humo watoto waliketi kama wazee wa baraza, wakasomewa matatizo ya watoto wenzao, nao wakatoa hukumu na mashauri yao kwa maneno yao wenyewe. Hakuna aliyejua watasema nini, na hapo ndipo watu walipocheka. Baadaye wakaanzisha Life Begins at 80, ambacho mashauri yake yalitolewa na wazee wenye umri wa miaka 80 na zaidi.

Mwaka 1953 Barry alianza kuendesha kipindi cha watoto katika shirika la CBS kiitwacho Winky Dink and You. Mzazi aliagiza kwa posta, kwa senti 50, karatasi laini ya plastiki inayopenya mwanga pamoja na kalamu za rangi. Mtoto aliibandika karatasi hiyo juu ya kioo cha televisheni. Mhusika wa katuni alipofika mtoni na kukuta hapana daraja, mtoto alichora daraja mwenyewe, naye mhusika akavuka. Watoto ambao wazazi wao hawakuagiza karatasi walichora juu ya kioo chenyewe, na mama wa nyumba wanaweza kukisia vilio vilivyofuata. Wataalamu wengi wanakitaja kipindi hicho, kilichoendelea mpaka mwaka 1957, kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa kumfanya mtazamaji ashiriki badala ya kuketi na kukodoa macho tu.

Mpaka hapo, Jack Barry alikuwa mtu mwenye jina jema katika nyumba za Marekani.

FEDHA ZAINGIA MCHEZONI

Zamani zawadi za chemsha bongo zilikuwa ndogo. Katika redio, swali la juu kabisa la kipindi kimoja maarufu lilimpatia mshindi dola 64. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba vipindi vya kugawa zawadi havikuwa bahati nasibu iliyokatazwa na sheria. Uamuzi huo ulifungua mlango. Tarehe 7 Juni, 1955, CBS ilianza kuonyesha The $64,000 Question, ambacho zawadi yake ya juu ilikuwa dola 64,000, na jioni ya kipindi hicho watu walibaki majumbani.

Mtu wa kwanza kuichukua zawadi hiyo alikuwa askari. Ni Kapteni Richard McCutchen wa kikosi cha Marine, na jambo alilochagua kuulizwa halikuwa silaha wala ramani, bali upishi! Mwezi Septemba 1955 alijibu maswali ya vyakula vya Kifaransa mpaka akaimaliza ngazi yote. Miezi michache baadaye Dokta Joyce Brothers, mwanamke mtaalamu wa elimu ya nafsi, aliichukua zawadi hiyohiyo kwa kujibu maswali ya ndondi. Watazamaji walifurahi kuona kapteni anayejua mchuzi na mama anayejua ngumi.

Kampuni za biashara ndizo zilizogharimia vipindi hivyo, nazo ziliona bidhaa zao zikinunuliwa kwa wingi. Kila shirika likataka chemsha bongo yake. Barry na Enright nao wakaingia uwanjani.

MCHEZO WA ISHIRINI NA MOJA

Tarehe 12 Septemba, 1956, shirika la NBC lilionyesha kwa mara ya kwanza Twenty-One, yaani Ishirini na Moja. Mwendeshaji alikuwa Barry. Washindani wawili walifungiwa kila mmoja katika kibanda chake kisichopitisha sauti, wakiwa wamevaa visikilizio masikioni, hata asiwepo wa kusikia jibu la mwenzake wala kujua ana alama ngapi. Barry alitaja somo la swali, na mshindani akachagua uzito wake, kuanzia alama 1 mpaka 11. Akijibu sawa, alama ziliongezwa, akikosa, zilipunguzwa. Wa kwanza kufika 21 ndiye mshindi, na kila alama ya tofauti baina yao ilikuwa na thamani ya dola 500. Wakitoka sare, mchezo ulianza upya na thamani ya alama ikapanda kwa dola 500 nyingine.

Kipindi hicho cha kwanza kilichezwa kwa haki, na kikawa kibovu. Washindani walikosa swali baada ya swali. Walikuna vichwa, wakakiri kwamba hawajui, na alama zikabaki chini. Kampuni iliyogharimia kipindi, yenye kuuza dawa ya kuongeza nguvu iitwayo Geritol, ilikasirika. Kwa maelezo ya Enright mwenyewe, aliambiwa wazi kwamba aibu ile isitokee tena. Tangu hapo Twenty-One ukawa mchezo wa kuigiza unaoitwa mashindano.

KUFUTA JASHO KWA AMRI

Enright alikwenda nyumbani kwa Herbert Stempel, mwanafunzi wa chuo katika jiji la New York, mtu aliyepata kutumikia jeshi na mwenye kichwa kinachoshika mambo kama gundi. Alimpa maswali pamoja na majibu yake. Tena alimfundisha namna ya kuonekana: avae suti isiyomkaa vizuri, akatwe nywele zikae kama za askari kuruta, na jasho likimtoka aligusegusegusе tu kwa kitambaa wala asilifute kwa nguvu. Stempel alitii. Kwa wiki kadhaa kuanzia Oktoba 1956 alishinda, na watazamaji wakamwona kijana maskini mwenye akili anayepigana na ulimwengu.

Kisha wakubwa wakamchoka. Wakamtafuta mtu mwingine, wakampata Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia mwenye umri wa miaka 30. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sura ya kuvutia, mtoto wa Mark Van Doren, mshairi aliyepata tuzo ya Pulitzer. Alipofuatwa aliomba acheze kwa haki. Akajibiwa kwamba mpinzani wake anajua mengi mno na hatamweza. Kwamba kuwasaidia washindani ni desturi ya kawaida katika burudani. Na kwamba ushindi wake utawapa heshima walimu wote na elimu yenyewe. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyomlainisha. Tunaona basi kwamba rushwa haiji sikuzote kwa bahasha. Wakati mwingine huja ikiwa imevaa joho la wema.

Jioni ya tarehe 5 Desemba, 1956, Stempel aliulizwa ni filamu ipi iliyopata tuzo ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu ni Marty, filamu aliyoipenda sana na kuitazama zaidi ya mara moja. Alikuwa ameamriwa akose. Akasimama ndani ya kibanda akijifanya kutafuta akilini jibu alilokuwa nalo ulimini, kisha akataja On the Waterfront. Barry, kwa sauti yake ileile laini, akamwambia kwamba amekosea. Mchezo uliendelea kidogo, na Van Doren akaibuka mshindi. Stempel aliondoka na dola 49,500 na uchungu usiokwisha.

Van Doren akawa fahari ya taifa. Mwezi Februari 1957 picha yake ilitokea juu ya jalada la jarida la Time. Aliendelea kushinda mpaka tarehe 11 Machi, 1957, aliposhindwa na mwanasheria Vivienne Nearing, akiwa na dola 129,000, na NBC ikampa mkataba wa kazi. Mwaka huohuo Barry na Enright waliuza vipindi vyao kwa NBC kwa zaidi ya dola milioni 2.

BARUA ZA REJISTA

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwezi Mei 1958 mshindani wa akiba katika kipindi kingine, Dotto, alilikuta nyuma ya jukwaa daftari la mshindani mwenzake, na ndani yake mna majibu ya maswali yaliyokuwa yakiulizwa. Alishitaki, na mwezi Agosti kipindi hicho kikaondolewa. Stempel, ambaye kabla ya hapo hakuna aliyemsikiliza, sasa maneno yake yakachapishwa magazetini. Mwendesha mashtaka wa New York, Frank Hogan, na msaidizi wake Joseph Stone wakaanza upelelezi.

Barry alisimama mbele ya kamera akawaambia watazamaji kwamba tuhuma zile si za kweli. Lakini mwezi Oktoba 1958 Twenty-One kiliondolewa.

Ndugu zetu wa polisi watapendezwa na ushahidi mmoja hasa. Mchoraji aitwaye James Snodgrass alikuwa mshindani katika kipindi hicho mwaka 1957. Alipokuwa akipewa maswali na majibu kabla ya mchezo, aliyaandika katika karatasi, akayatia katika bahasha, akaifunga, akajitumia mwenyewe kwa barua ya rejista. Barua zilipomfikia hakuzifungua. Mwaka 1959 zilifunguliwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mhuri wa posta ulionyesha tarehe iliyotangulia siku ya mchezo, na ndani yake mlikuwa na maswali yaleyale aliyokuja kuulizwa. Mtu anaweza kuitwa mwongo, mwenye kinyongo au mgonjwa wa akili, lakini mhuri wa posta hauna kinyongo na mtu.

Mashahidi wengi walioitwa mbele ya baraza la uchunguzi la New York walikula kiapo kisha wakakana, akiwamo Van Doren. Tarehe 2 Novemba, 1959, mbele ya kamati iliyoongozwa na Mbunge Oren Harris, mwalimu yule hatimaye alikiri kwamba alishiriki katika udanganyifu. Alipoteza kazi yake ya ualimu na kazi yake ya televisheni. Mwaka 1962 yeye na washindani wengine walikiri mahakamani kosa la kusema uwongo baada ya kula kiapo, wakapewa adhabu iliyosimamishwa, bila kwenda gerezani.

Jambo la kushangaza ni kwamba udanganyifu wenyewe wa mchezo haukuwa kosa la jinai wakati ule. Hapakuwa na sheria inayoukataza. Watu hao walishitakiwa kwa ajili ya kiapo, si kwa ajili ya mchezo. Mwezi Septemba 1960 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria iliyoufanya udanganyifu wa mashindano ya namna hiyo kuwa kosa, lenye adhabu ya faini isiyozidi dola 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

MIAKA YA KUKAA PEMBENI

Barry hakufungwa. Adhabu yake ilikuwa ya namna nyingine: simu hazikulia. Mtu aliyekuwa akipokewa katika kila sebule alitafuta kazi katika mashirika makubwa akaikosa kwa muda wa miaka kumi hivi. Katika miaka hiyo alinunua kituo kidogo cha redio huko Redondo Beach, California. Mtu hawezi kumiliki redio Marekani bila leseni ya serikali. Kwa hiyo, leseni ile ilikuwa kwake zaidi ya kibali cha biashara. Ilikuwa kama cheti cha tabia ambacho angeweza kuwaonyesha waliokuwa wakimwogopa.

Mwaka 1969 shirika la ABC lilimpa kipindi cha The Generation Gap kilichokuwa kimeachwa na mwendeshaji mwingine. Tarehe 4 Septemba, 1972, CBS ilianza kuonyesha The Joker's Wild, kipindi alichokitengeneza na kukiendesha mwenyewe. Kilidumu hapo hadi 1975, kikarudi mwaka 1977 katika vituo mbalimbali. Enright naye akarejea kazini pamoja naye, na mwaka 1978 wakafufua Tic Tac Dough, chemsha bongo yao ya zamani.

Mwaka 1980, katika Tic Tac Dough, askari mwingine alitia fora. Luteni Thom McKee wa Jeshi la Majini la Marekani alishinda mchezo baada ya mchezo mpaka akakusanya fedha na zawadi zenye thamani ya zaidi ya dola 312,000. Kumbe watazamaji walikuwa tayari kumfuata mtu mwenye maarifa hata bila ya mtu kumfundisha namna ya kufuta jasho.

Barry alifariki dunia tarehe 2 Mei, 1984, mjini New York. Alishikwa na maradhi ya moyo akiwa katika mazoezi ya kukimbia katika bustani ya Central Park. Alikuwa na umri wa miaka 66, na hadi mwisho alikuwa akiendesha The Joker's Wild.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wapo wanaomtetea Barry kwa kusema kwamba aliyeandaa hila alikuwa Enright, na kwamba yeye alisimama mbele kusoma maswali tu. Mwenye cheo jeshini au polisi atautambua upesi udhaifu wa utetezi huo. Jina la Barry ndilo lililotangulia katika jina la kampuni. Uso wake ndio ulioaminiwa na wananchi. Faida iliingia mfukoni mwake. Anayepokea saluti ya kikosi hupokea pia lawama ya kikosi.

Kwa upande wa Stempel na Van Doren, tunajifunza habari ya utii. Mmoja alitii amri ya kushindwa, mwingine alitii ombi la kushinda, na wote wawili waliharibikiwa. Utii ni nguzo ya nidhamu, lakini haukukusudiwa kuwa pazia la uwongo. Na ukweli ni rahisi kuusema siku ya kwanza. Van Doren alikaa miaka mitatu na siri yake, na kila siku bei ya kuikiri ilipanda.

Nilipokuwa katika mafunzo ya ualimu tulifundishwa kwamba mtihani ni kipimo, kama mizani ya sokoni. Anayempa mwanafunzi majibu kabla ya siku yake hamsaidii, bali ameiharibu mizani, na tangu hapo hata anayefaulu kwa haki hushukiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa huko Marekani: kashfa ilipofumuka, watu walianza kuwatilia shaka hata washindani waliokesha wakisoma.

Wazazi nao wana neno lao hapa. Chanzo cha msiba wote huu kilikuwa jioni moja ya Septemba 1956, washindani walipoulizwa na kujibu kwa unyofu kwamba hawajui. Wakubwa waliliona neno "sijui" kuwa aibu isiyovumilika, wakalinunulia majibu. Basi, mtoto wako anapoleta daftari usiku umsikilize masomo yake, naye akafika mahali akasema "sijui," usimkaripie hata akaona ni heri kunakili kwa jirani. Mwambie asome tena ukurasa ule, nawe ukae naye mpaka amalize.